Nina miaka 37 na naimba salsa: ni kweli Celia Cruz alianza na miaka 50?

"Shikamoo mwalimu. Mi ni mama wa miaka 37, nafundisha shule ya msingi darasa la tatu, watoto 74, na usiku naimba kwenye bendi ya kopi mahotelini, huu mwaka wa 11. Tangu Mei tumepata usiku wa salsa kila Alhamisi na kiongozi wetu anataka niwe naimba Celia Cruz, mpaka ile kelele yake ya Azúcar. Nimesoma sehemu kwamba Celia alianza kuimba akiwa na miaka kama 50 akawa malkia, imenipa moyo sana, nafikiria kuacha ualimu nikomae na muziki tu. Mume wangu anasema umri umeshanitupa mkono. Naomba ukweli, muda ninao? Na nifanyeje nipate sauti nzito yenye nguvu kama ya yule mama, maana naipaza kweli kweli lakini hii wiki ya tano inakwaruza, asubuhi haitoki kabisa, natafuna tangawizi na mayai mabichi nakunywa lakini wapi."

Marahaba mdogo wangu. Swali lako nimelisoma mara mbili, mara ya kwanza natabasamu kwa sababu ya Celia, mara ya pili tabasamu likaniisha nilipofika mwisho. Umeuliza kama muda upo, umeuliza uache kazi ama usiache, halafu kule mwishoni kama kitu kidogo tu ukachomekea kwamba koo lina wiki ya tano linakwaruza. Kwangu mimi niliyefundisha sauti miaka yote hii, hilo ndo swali la kwanza. Ila ngoja nianze na Celia, maana naona unataka kufanya uamuzi mkubwa wa maisha kwa hadithi uliyopewa nusu, na nusu yenyewe ndo hiyo yenye kosa.

Celia hakuanza na miaka 50, hata 30 hakusubiri. Alizaliwa Havana, Cuba, tarehe 21 Oktoba 1925, mtaa wa Santos Suárez, nyumba ya watu wa kawaida iliyojaa ndugu na mabinamu, baba yake Simón alikuwa mchochea makaa wa treni. Huyo baba sasa, hapa utacheka, alikuwa hataki kabisa binti yake awe mwimbaji, alitaka awe mwalimu. Na Celia akaenda chuo cha ualimu kweli. Huku anasoma huku anazunguka kwenye mashindano ya kuimba ya redio, na ile ya mwanzo aliyoshinda, miaka ya 1940 mwishoni, hata hakujiandikisha mwenyewe, binamu yake ndo alimwandikisha, akaimba tango akarudi nyumbani na keki. Zawadi yenyewe ni hiyo, keki. Alikuwa akisimulia pia kwamba mwalimu wake mmoja chuoni alimwambia aachane na chaki, kwa sauti ile atapata kwa siku moja kile ambacho mwalimu anakipata kwa mwezi.

Najua hapo umeshapigia mstari. Subiri kwanza, nitarudi kwenye hiyo hesabu, maana ilikuwa hesabu ya Havana ya wakati ule.

Mwaka 1950, kabla hata hajatimiza 25, akachukuliwa na Sonora Matancera, bendi iliyoanzishwa mjini Matanzas tangu 1924 na wakati huo ndo moto wa kuotea mbali kwenye redio za Havana. Aliingia kwenye viatu vya Myrta Silva, mwanamke wa Puerto Rico ambaye wasikilizaji walikuwa wamemzoea, na mwanzoni mambo yakawa magumu, watu wakawa wanaandika barua redioni kulalamika kwamba huyu mpya wa nini, mrudisheni yule wa zamani. Rogelio Martínez, kiongozi wa bendi, akakomaa naye. Hata walipotaka kurekodi, bosi wa kampuni ya rekodi kule Marekani alikuwa haamini kama rekodi ya mwanamke anayeimba rumba na guaracha itauzika, ikabidi Rogelio aahidi kwamba ikibuma, hela ya Celia ataitoa yeye mfukoni. Haikubuma. Akakaa na Sonora miaka 15, redioni, kwenye majumba ya starehe, safari za nchi za jirani, rekodi juu ya rekodi. Kwa hiyo anaondoka Cuba Julai 1960 akiwa na miaka 34, kule kwao na nchi nyingi zinazosema Kihispania alikuwa ni staa tayari.

Sasa hiyo miaka 50 imetoka wapi? Imetoka New York. Baada ya mapinduzi ya Castro, Sonora walikwenda Mexico kwa mkataba wa kazi na hawakurudi, Celia akaingia Marekani 1961. Mama yake alipofariki 1962 akaomba arudi kumzika, serikali ikamkatalia, na nyimbo zake zikapigwa marufuku kwenye redio za nchi yake mwenyewe. Mwaka huo huo akaolewa na Pedro Knight, mpiga tarumbeta wa Sonora. Halafu likaja lile bonde ambalo waandishi wa haraka haraka huwa wanaliruka. Kuanzia 1966 alirekodi albamu kadhaa na Tito Puente, yule mfalme wa timbales, zile ngoma mbili za kupigwa kwa vijiti, muziki mzuri kabisa, lakini vijana wa New York walikuwa kwenye mambo mengine, boogaloo na roki, na kwao Celia alikuwa muziki wa mama zao. Albamu hazikuuza. Mtu wa miaka 40 na kitu, bingwa, anaonekana amepitwa. Mume wako angekuwepo pale angemwambia na yeye umri umemtupa mkono.

Kilichobadilika siyo Celia. Mwaka 1973 Larry Harlow akamwita aimbe kipande kimoja kwenye Hommy, opera ya kilatini iliyopigwa Carnegie Hall, watu wakachanganyikiwa. Mwaka uliofuata Johnny Pacheco, mtu wa Jamhuri ya Dominika na mmoja wa waliounda kampuni ya rekodi ya Fania, akatoa naye albamu ya Celia & Johnny, wimbo wa kwanza Quimbara, na hapo ndo mlango ukafunguka moja kwa moja, akiwa na miaka 48. Ila huyo Pacheco utotoni alikuwa kichaa wa Sonora Matancera, bendi yake mwenyewe aliitengeneza kwa kuigiza mlio wa Sonora, tarumbeta zile zile na mpangilio ule ule. Yaani mama alikaa anaimba kitu chake miaka 20 na zaidi, soko likaenda likazunguka likarudi likamkuta palepale, na likakipa kitu chake jina jipya, salsa. Puente mpaka anakufa alikuwa halipendi hilo jina, kwake salsa ilikuwa mchuzi wa kuweka kwenye sahani.

Kwa hiyo ukisema "alianza na 50" unajinyima somo lenyewe. Wewe na miaka yako 11 ya kopi hauko mwanzo, uko kwenye bonde. Bonde lina kazi zake tofauti na za mwanzo.

Na kingine nikuondolee hofu, maana wasichana wengi niliowafundisha wanaona salsa ni ya wageni na wao wanaomba kuazima. Septemba 1974, mwaka huo huo wa Quimbara, Celia alipanda jukwaani Kinshasa pale uwanja wa Stade du 20 mai na Fania All Stars, kwenye lile tamasha lililoandaliwa kwa ajili ya pambano la Ali na Foreman. Pambano likasogezwa mbele mpaka 30 Oktoba kwa sababu Foreman alichanika juu ya jicho mazoezini, muziki ukapigwa hivyo hivyo bila ngumi. Walikuwepo Franco, Tabu Ley, Miriam Makeba, James Brown. Ukitazama picha za siku ile utaona watu hawamshangai Celia, wanacheza kama wanamfahamu, na ni kweli walikuwa wanamfahamu, maana santuri za Cuba zilianza kuuzwa Kongo tangu miaka ya 1930 na rumba yao imelelewa humo. Na sisi tukanywa kwao na tukanywa moja kwa moja pia, si unakumbuka Cuban Marimba ya Salum Abdallah pale Morogoro, hilo jina halikuokotwa. Dansi letu lina mwanzo wa taratibu halafu chemko, son, ule muziki wa zamani wa Cuba, una ubeti halafu montuno, yaani sehemu ya kuitikiana, ni ndugu wa ukoo mmoja.

Tuje kwenye uimbaji wenyewe. Hapa ndo nafikiri unakosea, na kosa hilo hilo ndo linalokula koo lako.

Unasema unaipaza. Kinachokufikia masikioni ni nguvu, lakini nguvu ya Celia sehemu kubwa ni ya mahali anapoiweka sauti kwenye mdundo, siyo ya kifua. Fanya hivi ukiwa umekaa tu mezani. Hesabu moja mpaka 16 kwa mwendo sawa sawa, piga kofi kwenye 1, 4, 7, 11 na 13, rudia bila kusimama. Hiyo ndo clave, mlio wa vile vijiti viwili, mitatu halafu miwili, na bendi nzima inaninginia hapo hata kama vijiti havisikiki. Sasa huku unapiga kofi tamka sentensi yoyote ya Kiswahili, hata "leo nimekuja na chaki mkononi". Ukiianza sawa na kofi la kwanza itakaa kama mtoto anakariri jedwali. Ianze kidogo baada ya kofi la kwanza, iache iteleze katikati ya makofi halafu iangukie kwenye 11 au 13, utaona sentensi imeanza kucheza yenyewe na hujaongeza sauti hata chembe. Ukikaa vibaya kwenye clave mwili unahisi kuna kitu hakifiki, na kitu cha kwanza mwimbaji anachofanya ni kupiga kelele zaidi. Nimeliona hilo mara nyingi sana.

Halafu kwenye montuno waitikiaji wanarudia kiitikio kile kile na wewe unajibu maneno ya kubuni papo hapo, wenyewe wanaita soneo. Celia alikuwa anatisha hapo, kuliko hata kwenye beti. Na hapo mdogo wangu una mtaji ambao hujaugusa. Irabu za Kihispania ni tano, a e i o u, zile zile zetu na wanazitamka wazi kama sisi, na maneno yao mengi mkazo uko silabi ya pili kutoka mwisho kama yetu. Kiswahili kinaingia kwenye soneo kama mkono kwenye mfuko. Imba beti za Kihispania ulizokariri, sawa, lakini waitikiaji wakishaanza, jibu Kiswahili. Salimia meza ya pembeni, mtanie mpiga bezi, taja foleni ya Mwenge. Watalii hawataelewa neno na hawatajali, na wenyeji ndo watarudi Alhamisi inayofuata. Kukariri Kihispania usichokielewa kwa nyimbo kumi na mbili kunachosha na kunakufanya ubane taya, taya ikibana koo linabana.

Hiyo Azúcar nayo. Celia alisimulia kwamba alikuwa kwenye mgahawa Miami, mhudumu Mcuba akamuuliza kahawa yake iwe na sukari au bila, akamshangaa, Mcuba mzima unaniuliza hilo swali, weka sukari! Akawa anakisimulia kisa hicho stejini usiku baada ya usiku mpaka siku moja akachoka kukisimulia chote, akapiga kelele neno la mwisho tu, ukumbi ukalipuka, likabaki. Na neno lenyewe Wahispania walilichukua kwa Waarabu, na sisi sukari yetu tumeitoa huko huko, ni neno moja limepita baharini mara mbili. Kwa hiyo mwambie kiongozi wako utasema "Sukariii!" na kama anabisha mwambie nimesema mimi. Usiifanye kwa kukwangua koo tu. Ianzie tumboni, fupi, na kwa shoo nzima mara mbili zinatosha.

Sauti nzito. Celia alizaliwa nayo, alikuwa kontralto, ile sauti ya kike ya chini kabisa, na haiwezi kutengenezwa kwa kusukuma kama ambavyo huwezi kurefuka kwa kuvaa suruali ndefu. Ukijaribu kuiga uzito wake unaishusha zoloto, kile kisanduku cha sauti kooni, kwa nguvu unajikuta unaimba na misuli ya shingo. Swali la kujiuliza ni dogo tu, hizo nyimbo mnapiga kwenye ki gani, yaani zimekaa juu au chini kiasi gani? Nina hakika mnapiga kwenye ki ya rekodi kwa sababu mpiga kinanda ndivyo alivyozikariri. Ki ya Celia ni ya Celia. Kama wewe ni sauti ya kati ama ya juu, wapandishe au washushe mpaka kiitikio kikae pale unapoongea kawaida ukiwa umechangamka. Watanung'unika wiki mbili, watazoea. Sikiliza pia rekodi za zamani za Sonora uone tarumbeta zinavyofanya, zikisema zinasema, Celia akifungua mdomo zinanyamaza. Bendi zetu kila mtu anapiga muda wote na saksofoni juu yake, halafu mwimbaji analaumiwa hasikiki. Omba monita yako, ile spika ya jukwaani, igeuzwe ikutazame wewe na ipandishwe, maana mtu asiyejisikia lazima apayuke, hiyo siyo tabia mbaya, ndo sikio linavyofanya kazi.

Sasa koo lenyewe, na hapa naomba usome taratibu.

Sauti inatoka kwenye nyama mbili ndogo zilizoko kwenye zoloto, watu wanaziita nyuzi lakini zimekaa zaidi kama midomo miwili midogo, pumzi ikipita zinagongana. Mwanamke akiongea kawaida zinagongana mara 200 hivi kwa sekunde. Saa moja ya kuongea mfululizo ni mara 720,000, na ukipaza zinagongana kwa nguvu zaidi, na ukiimba juu zinagongana haraka zaidi. Sasa piga hesabu yako. Watoto 74, darasa halina dari, dirisha linatazama uwanja ambao darasa la tano wako michezoni, unaongea kwa kupaza kuanzia saa mbili asubuhi mpaka mchana, Jumatatu mpaka Ijumaa. Halafu Alhamisi saa tatu usiku unakwenda kumpaza Celia juu ya tarumbeta, Ijumaa asubuhi chaki tena. Walimu ni kati ya watu wanaoongoza kwa matatizo ya sauti kuliko karibu kazi zote, na wewe umeongeza mwimbaji juu ya mwalimu. Mimi sishangai linakwaruza, nashangaa lilivyovumilia miaka 10.

Zikigongana hivyo bila kupumzika zinavimba, uvimbe ukirudiwa kila siku unaweza kugeuka vinundu, kama sugu ya mkono wa mwenye jembe ila iko kooni. Vikiwa bado vichanga vinaisha kwa kupumzisha sauti na mazoezi sahihi, bila kisu. Lakini kukwaruza siyo lazima iwe vinundu. Inaweza kuwa tindikali ya tumbo inayopanda usiku, na hapo nakuuliza, ukimaliza shoo saa saba unakula nini? Kama ni chipsi mayai halafu unalala saa nane, asubuhi sauti kukataa kutoka ni dalili ya hiyo kabisa. Inaweza kuwa mzio wa vumbi la chaki. Inaweza pia kuwa kitu kikubwa zaidi, kifua kikuu kinaweza kukaa kwenye zoloto, na kansa ya hapo dalili yake ya mapema mara nyingi ni huko huko kukwaruza. Sikutishi, uwezekano mkubwa ni uchovu na uvimbe, ila hakuna mtu duniani anayeweza kuvitofautisha hivyo kwa kusikiliza ama kwa kusoma ulichoandika, mimi wala mganga wala famasi. Lazima mtu aangalie.

Kanuni wanayotumia madaktari ni kwamba sauti ikikwaruza zaidi ya wiki tatu, ionwe. Wewe uko ya tano. Nenda hospitali ya rufaa, uliza daktari wa masikio, pua na koo, na mwambie unaomba azitazame nyuzi zenyewe, kuna kikamera chembamba kinapitishwa puani au mdomoni, kinakera dakika chache basi. Usikubali kuondoka na antibiotiki bila kutazamwa, kukwaruza kwa muda mrefu hivyo mara nyingi siyo bakteria. Na kama kuna damu ukikohoa, chakula kinauma kushuka, uvimbe shingoni, unapungua mwili ama unatoka jasho la usiku, usingoje wiki ijayo, nenda kesho. Pumzi ikianza kubana, hiyo ni leo leo.

Tangawizi na mayai mabichi, pole, nimeyanywa pia. Nikiwa kijana kwenye bendi moja niliamini yai bichi mpaka nikaharisha wiki nzima na sauti bado hamna. Kitu chochote unachomeza kinapita njia ya chakula, nyuzi ziko njia ya pumzi, kile kifuniko kinazifunika ukimeza. Yai halizigusi hata kwa bahati. Maji yanasaidia kwa kupitia damuni, kwa hiyo yanywe mapema mchana kutwa, siyo chupa nzima dakika tano kabla ya shoo. Mvuke wa maji ya moto tu bila dawa kali unasaidia kidogo kwa sababu huo unavutwa. Kinywaji kikali cha kulainisha koo ndo kibaya kabisa, kinakausha na kinakuondolea maumivu ambayo ndo yalikuwa yanakulinda. Kukohoa kohoa kusafisha koo acha, meza mate badala yake. Na ukipumzisha sauti nyamaza kweli, usinong'one, wengi kunong'ona kwao ni kukaza koo kuliko kuongea.

Darasani tumia kengele, piga makofi ya clave watoto wajibu mawili ya mwisho, watanyamaza haraka kuliko ukipiga kelele na utakuwa umefanya mazoezi ya Alhamisi bure.

Haya, ualimu. Rudi kwenye ile hesabu ya siku moja kwa mwezi mmoja. Havana ya miaka ya 1940 na 1950 ilikuwa na vituo vya redio vyenye bendi hai kila siku, kasino, kabarei, watalii wa Kimarekani wanashuka na meli, mwimbaji mzuri alikuwa na kazi saba kwa wiki. Wewe una Alhamisi. Na Celia alipoacha njia ya ualimu hakuwa na mshahara wa kuacha, ndo kwanza alikuwa anamaliza chuo. Baadaye alikuwa na Pedro ambaye 1967 aliweka tarumbeta chini akawa anasimamia kazi za mkewe muda wote, mikataba, safari, kila kitu. Kipaji peke yake hakitoshi. La Lupe, Mcuba mwenzake, ndo alikuwa malkia New York kabla yake, aliimba na Puente huyo huyo, moto kweli kweli, na alikufa 1992 akiwa maskini, kampuni ilikuwa imeshampa mgongo zamani. Sisemi alikuwa na kipaji kidogo, mimi binafsi kuna usiku namsikiliza yeye kuliko Celia.

Kwa hiyo ushauri wangu, usiache kazi mwaka huu. Siyo kwa sababu ya umri. Sauti ya mwanamke wa miaka 37 iliyotunzwa iko kwenye ubora wake, Celia alitoa La Vida Es Un Carnaval 1998 amepita 70, na 2001 La Negra Tiene Tumbao akiwa na miaka 75 na kijana wa rapu ndani ya wimbo. Usiache kwa sababu kwanza hujui hali ya koo lako, na mtu hahami nyumba akiwa hajui kama paa linavuja. Pili, hoteli ikibadilisha meneja Alhamisi inaweza kufutwa kwa simu moja. Kama unataka kujaribu, kwenye utumishi kuna likizo bila malipo, ulizia kwa afisa elimu taratibu zake, ni mlango wa kutokea wenye kurudi. Kabla ya hapo kaa miezi sita uandike kwenye daftari kila shilingi ya muziki inayoingia na inayotoka, nguo, bajaji za usiku, yote. Na mkataba wa hiyo Alhamisi uuone kwa macho yako, jina lako liwemo, siyo la kiongozi peke yake.

Ukweli mwingine niuseme, hata uchungu. Bendi ya kopi haitakufikisha kwa Celia hata ukiimba kama yeye, maana Celia tayari yupo. Kama una nyimbo zako mbili tatu zianze kuingiza katikati ya shoo kimya kimya, usizitangaze. Uone watu wanacheza au wanakwenda kuagiza vinywaji.

Mumeo usibishane naye kuhusu umri. Mwombe tu akusindikize hospitali, akasikie mwenyewe daktari atasema nini kuhusu koo la mke wake, mara nyingi ile "umri umekutupa" ni hofu ya usiku wa manane na bajaji.

Alhamisi hii usiimbe. Najua, najua, bendi italalamika, mwambie kiongozi amweke mwenzako ama wapige ala tupu, wacheza salsa wanaipenda tu. Ukifika kwa daktari usimwambie "koo linauma", mwambie "mimi ni mwalimu na mwimbaji, sauti inakwaruza wiki ya tano", itabadilisha namna atakavyokuangalia. Ukishajua kuna nini huko ndani niandikie tena na unitajie kiitikio chenu mnakipiga ki gani, tutaanzia na wimbo wa taratibu. Quimbara iache ya mwisho kabisa, ile hata Celia mwenyewe alikuwa anaikimbiza kwa pumzi ya mtu aliyepumzika mchana.